Ubao wa Pini Hamsini

Mtu wa tatu kukatwa na presi, mashine ya kukandamiza bati, mwaka ule alipoteza vidole viwili, na kimoja hakikuonekana hadi jioni, kilipofagiliwa pamoja na mabaki ya bati. Ndipo mkurugenzi wa kiwanda cha sufuria na sinia akasema basi, imetosha. Hakusema mashine ziwekewe vizuizi. Alisema wanaume wanaozitumia wapimwe.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, mwaka wa watu kupunguzwa kazi. Langoni pale Industrial Area, Nairobi, vibarua walianza kujipanga alfajiri, wengine wametoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu, viatu mkononi ili matope yasivimalize. Mtu akikatwa kidole leo, kesho walikuwepo mia wa kushika nafasi yake. Mkurugenzi alilijua hilo, na labda ndiyo maana hakuona haja ya kuzigusa mashine.

Kazi ya kupima ilimwangukia Ndindi Maingi, karani wa ofisi ya wafanyakazi, msichana wa miaka ishirini na saba aliyeishi Mbotela na kaka yake Kiema. Nyumba ile ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, waliachiwa na marehemu baba yao, aliyekuwa dereva wa magari ya takataka. Kiema alichonga vinyago kwenye kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Ndindi alivaa sketi iliyopigwa pasi na kwenda ofisini. Majirani walisema watoto wa Maingi mmoja alirithi mikono na mwingine kichwa.

Mtaalamu aliyekuja kumfundisha aliitwa Mbuthia. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, amesomea ng'ambo mambo ya akili za watu, na alibeba sanduku jeusi kama la fundi wa redio. Ndani mlikuwa na ubao wenye matundu hamsini, pini hamsini za chuma, na saa ya kuhesabia sekunde. Mtu huketi, huambiwa maneno yale yale, kisha hupewa dakika moja na nusu azichomeke pini kwa mikono miwili kadiri awezavyo. Anayefikisha arobaini na mbili, presi. Asiyefikisha, aende kupakia maboksi.

"Maneno usiyabadilishe hata moja," Mbuthia alimwambia. "Usimcheke mtu, usimhurumie, usimwongezee sekunde. Ukiweka kidole kwenye mizani, hata kwa huruma, unga hauongezeki. Na ubao huu usitoke kabatini. Mtu akiuzoea, utakuwa unapima mazoezi, humpimi yeye."

"Na hii arobaini na mbili imetoka wapi?"

"Imo kwenye kijitabu kilichokuja na ubao."

"Walipimwa watu gani?"

Mbuthia alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Wa viwanda vya kule. Swali zuri. Tutaihakiki hapa baadaye." Akampa daftari la jalada jeusi. "Andika alama ya kila mtu. Halafu kila akiumia mtu, andika pia. Kipimo nacho hupimwa."

Ndindi alitaka kuifanya kazi ile bila doa. Ijumaa kabla ya kuanza aliufunga ubao ndani ya leso, akautia kikapuni, akaenda nao nyumbani. Alijiambia ni wa siku mbili tu, apate kuyazoea maneno ulimi usije ukateleza. Kiema alikubali kuwa mtahiniwa. Aliketi mezani, akasomewa, akachomeka pini hadi zikakaribia kwisha, akacheka. Kisha akaugeuza ubao, akapitisha kidole gumba juu ya matundu, taratibu, kama anavyopapasa gogo kabla ya kulitia tezo.

"Mti gani huu?"

"Sijui. Uache, kaka. Hata hukutakiwa kuuona."

"Sijauona," akasema Kiema.

Jumatatu ubao ulikuwa kabatini tena.

Wazee wa presi ndio waliopimwa kwanza. Mzee Andati alikuwa ameshika mashine namba nne miaka kumi na minne bila kumwaga tone la damu. Aliingia ofisini kofia mkononi, akaketi, akasikiliza maneno mpaka mwisho. Vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi za kuchoma, na pini zilimponyoka zikabiringika sakafuni. Saa ilipolia alikuwa na thelathini na moja.

"Nimeanguka?" akauliza.

Ndindi hakutakiwa kujibu. "Asante kwa kushiriki," akasema, kama ilivyoandikwa.

"Binti yangu, mimi nikishaweka bati, narudisha mikono yote miwili, naigusisha hapa kwenye mshipi, ndipo nakanyaga. Kila mara. Presi haitaki mtu mwepesi. Inataka mtu anayengoja. Hiyo mmeipima wapi?"

Aliandika thelathini na moja. Wiki iliyofuata Andati alihamishiwa maboksi kwa nusu ya mshahara, na wazee wengine watano pamoja naye. Walimpita Ndindi kwenye foleni ya chai bila salamu, na mmoja akatema mate karibu na kiatu chake.

Mwezi wa kwanza wageni walioletwa kutoka langoni walipata alama za kawaida, thelathini na kitu, mara chache arobaini na mbili. Mwezi wa pili zikaanza kupanda. Arobaini na nne. Arobaini na sita. Mwezi wa tatu akaingia kijana mmoja kutoka Mukuru, Griffins Mulongo, mwenye mke na mtoto mchanga, akaketi kabla hajaambiwa aketi. Ndindi alipokuwa bado anasoma maelezo, mikono ya kijana ilikwisha kutangulia na kutulia pande mbili za ubao, mahali penyewe hasa. Akamaliza pini arobaini na tisa. Hakuwa anatazama matundu. Alikuwa anatazama ukuta.

Ndindi aliandika alama ile na kuipigia mstari. Alimpigia simu Mbuthia.

"Pengine sasa wanakuja watu bora," Mbuthia alisema. "Ajira ni adimu."

Mkurugenzi naye alifurahi: kipimo kinafanya kazi, si unaona? Ndindi angeweza kusema neno moja kuhusu kikapu na leso. Hakulisema. Jioni ile, akila ugali mbele ya kaka yake, alitazama unga wa mbao kwenye nywele zake, akataka kuuliza, akaomba chumvi.

Griffins alikaa kwenye mashine namba nne siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili Ndindi alikuwa sakafuni mwa kiwanda na daftari lake, akihesabu nani yuko mashine ipi. Alimwona Griffins akifanya kazi na akastaajabu jinsi mikono ilivyoruka. Bati ndani, sinia nje, bati ndani, sinia nje. Nyapara alikuwa nyuma yake akisema, "Hivyo hivyo, kijana!" Kisha bati moja likakaa upande. Mkono wa kushoto ukarudi kulinyoosha, kwa wepesi ule ule. Mguu nao ulikuwa umekwisha kukanyaga.

Presi ilishuka. Sauti yake haikuwa tofauti na ya sinia lolote. Ila Griffins hakuweza kuondoka pale. Alisimama akitazama mkono wake ukiingia ndani ya chuma na usitokee upande wa pili, na kwa muda hakulia. Damu ilitokea pembeni mwa kalibu, ikatiririka juu ya bati jipya linalong'aa. Ndipo akalia, na mlio ule ukasimamisha mashine zote isipokuwa ile iliyomshika.

Mzee Andati alikuja mbio kutoka maboksi, akimsukuma kila aliyesimama njiani. Alizima umeme, akazungusha gurudumu la kando kwa mikono yake minene, nyundo ya presi ikapanda inchi kwa inchi. Kilichotoka hakikuwa mkono tena. Kilikuwa kitu bapa, chekundu, chenye pete ya ndoa iliyozama ndani yake. Andati akavua shati, akalikaza juu ya kiwiko mpaka mishipa ya shingo yake ikamtoka.

"Nitazame mimi," alimwambia kijana. "Usitazame huko. Nani amekuweka hapa? Wewe ni fundi wa wapi?"

"Nilipita, mzee," Griffins alisema, meno yakigongana. "Nilipita arobaini na tisa. Nilifanya mazoezi mwezi mzima."

Andati akainua macho. Ndindi alikuwa amesimama hatua tatu mbali, daftari limerushiwa matone.

Hospitali iliukata mkono ule juu kidogo ya kifundo. Asubuhi ya pili, watu wakiwa wanaingia zamu, Mideva, mke wa Griffins, alifika langoni mtoto mgongoni. Mkononi alikuwa na ubao. Aliuinua juu ya kichwa ili kila mtu auone.

"Hiki ndicho kimekula mkono wa mume wangu!" alilia. "Usiku na mchana tundu, tundu, tundu! Tumelala njaa kwa ajili ya mbao hii! Nani aliileta Mukuru?"

Akaupiga kwenye nguzo ya lango, ukapasuka vipande viwili. Ndindi aliokota kimoja. Hakuhitaji kuhesabu matundu. Mgongoni mwa ubao, mahali ambapo fundi mwingine angeacha mti mtupu, palipigwa msasa mara mbili na kutiwa rangi ya viatu, kama Kiema alivyofanya chini ya kila kifaru na kila swala aliyewahi kumchonga.

"Huyu namjua," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Ni yule Mkamba wa vinyago, Mbotela. Hata ndugu yangu alienda kufanya mazoezi kwake. Wamejaa pale kila siku mchana."

"Twende!"

Hakuna aliyetoa amri zaidi ya hiyo. Wazee waliotolewa kwenye presi, vibarua waliokosa alama, watu waliokuwa wanapita tu na hasira zao za nyumbani, wote walivuka barabara kama maji yaliyopasua mfereji. Ndindi alikimbia. Alipita njia ya vichochoro, akavuka reli, akavua viatu na kuviacha kwenye kokoto. Lakini waliovaa buti za kiwanda walikimbia pia, na walikuwa wamemtangulia.

Alipofika, kibanda kilikuwa chini. Mabati yalikuwa yanakanyagwa, twiga wa mbao wamevunjwa shingo, na mbao nyingine tatu za matundu zimetupwa katikati ya uwanja mdogo kama ushahidi. Kiema alikuwa amepiga magoti. Jicho moja lilikuwa limefumba, na damu ya kichwa ilikuwa imemfanyia ndevu. Kila alipotaka kuinuka, mtu alimpiga teke la mgongo. Mmoja alikuwa na mkanda wa mashine, na aliuchapa kwa utulivu, bila matusi, kama anayekung'uta mkeka. Majirani walisimama milangoni. Mama mmoja alipiga kelele waite polisi, akarushiwa jiwe, akafunga mlango.

"Mwacheni!" Ndindi aliwapenya, akamwangukia kaka yake mgongoni. "Ubao ni mimi! Mimi ndiye niliuleta nyumbani! Yeye hakuuiba! Mimi!"

Mwenye mkanda akaushusha.

"Si huyu ndiye madam wa saa?" mtu akasema.

Ngumi ilimpata mdomoni. Alionja chuma, akahisi jino likiegemea ulimi. Mtu akamvuta kwa nywele, akamburuta mpaka ukutani, na mwanamke asiyemjua akamkalia miguu.

"Anapima watu ofisini, halafu nduguye anauza majibu!" mwanamume mmoja alipaza sauti. "Baba zetu wamefukuzwa kwa sababu ya hawa wawili!"

Hilo halikuwa kweli, na halikuwa uongo wa kutosha kwa Ndindi kulikana.

Walilivuta gogo ambalo Kiema huchongea, wakamlaza mkono wa kulia juu yake. Wanaume wawili waliushika. Nyundo ya mbao, ile nzito ya mpingo ambayo Kiema hupigia patasi, ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akimpa mwenzake, mpaka ikamfikia Mzee Andati. Alikuwa amefika mwisho, anahema, na suruali yake bado ina damu ya Griffins iliyokauka. Hakuwa amepiga mtu. Walimfanyia njia.

"Wewe ndiye mwenye haki, mzee," mmoja akamwambia.

Andati aliipima nyundo mkononi. Akachuchumaa karibu na Kiema.

"Ulijua wanakwenda kushika presi?"

"Nilijua wanatafuta kazi," Kiema alisema, damu ikimtoka puani. "Walinisihi. Mtu kufundishwa ana kosa gani, mzee?"

"Umewafundisha nini?"

Kiema alitazama mbao tatu zilizotupwa uwanjani.

"Nakuuliza. Umewafundisha nini?"

"Mzee Andati!" Ndindi aliita kutoka ukutani. "Mzee, tafadhali! Nilikosa mimi!"

Alimgeukia. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Ndindi hofu kuliko mkanda na mawe. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Miaka kumi na minne," akasema, "sijamwona mtu akikatwa kwenye mashine yangu."

Akapiga. Mifupa ya vidole ilivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Kiema alipiga ukelele ambao Ndindi hakuwahi kuusikia tangu utotoni, akaita mama yao kwa Kikamba, mama aliyekufa zamani. Andati akainua nyundo tena. Akapiga tena, mahali pale pale, bila haraka. Mideva, aliyekuwa amefika na mtoto anayelia, aliziba macho na kusema, "Basi! Basi, baba, imetosha, sikutaka hivi!" Andati aliiweka nyundo juu ya gogo kana kwamba ataihitaji kesho. Watu wakaanza kupungua, mmoja mmoja, wakijipangusa mikono, wakiangalia pembeni.

Wiki hiyo Ndindi alirudi ofisini mdomo umeshonwa nyuzi nne. Mbuthia alikuwa ameitwa. Mkurugenzi alitaka jambo moja tu, barua ya kusema karani aliuvujisha mtihani, yaishe.

"Nitaiandika," Ndindi alisema. "Ni kweli. Lakini someni na hili."

Akawafungulia daftari jeusi. Lilikuwa na matone ya rangi ya kutu. Aliwaonyesha watu wa mwezi wa kwanza, kabla ubao haujajulikana na mtu. Waliopata nyingi waliumia sawa na waliopita kwa taabu. Waliotolewa kwa kukosa alama, wote sita, walikuwa na miaka hamsini na tatu ya presi kati yao na ajali moja.

"Niliuharibu ubao," akamwambia Mbuthia. "Lakini hata kabla sijauharibu, haukuwa unajua lolote kuhusu mashine ile. Ulisema tutahakiki baadaye."

Mbuthia alisoma kurasa zile kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Nilisema hivyo," akakiri.

"Daftari hilo ni mali ya kiwanda," mkurugenzi akasema.

Ndindi alilitia kikapuni, akatoka nalo. Alilipeleka kwa afisa wa kazi wa serikali, akasubiri siku tatu kwenye benchi mpaka likapokelewa. Alifukuzwa kabla ya mwezi kwisha. Mwaka ule ule mashine zote ziliwekewa vizuizi vya wavu, na Griffins akapata fidia ya mkono wake, ingawa hakupata mkono.

Lakini kabla ya hayo yote polisi walimwita. Waliwapanga wanaume tisa ukutani, wa rika moja, wote wamevaa makoti ya kazi, ili asiwepo wa kujitokeza kuliko mwenzake. Inspekta akamweleza taratibu, kwa maneno aliyoyasoma kwenye karatasi: atembee polepole, asiseme na mtu, akimwona aliyempiga kaka yake amguse bega. Kama hayupo, aseme hayupo.

Alikuwa wa sita. Alikuwa amenyoa ndevu. Ndindi alipofika kwa wa nne alisimama. Alifikiria shati lililokazwa juu ya kiwiko cha Griffins. Alifikiria sauti ya kuni.

"Ni mimi," Mzee Andati akasema kutoka mahali pake. "Msimsumbue mtoto. Ni mimi niliyempiga."

"Kimya huko!" Inspekta akafoka. Kisha akamgeukia Ndindi. "Hiyo haihesabiki, dada. Lazima umguse mwenyewe."

Akamsogelea. Mzee alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili imetulia kwenye mshipi. Ndindi akanyanyua mkono wake na kumgusa bega.

Kutoka pale alitembea moja kwa moja hadi wodini. Kiema alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni, vidole vitatu daktari ameshasema havitakunjika tena.

"Walimleta?"

"Walimleta."

"Ukamgusa?"

"Nilimgusa, kaka."

Kiema aliutazama mkono wake uliofungwa. Wadi ilinuka dawa ya kusugulia sakafu, na kitanda cha pili mtu alikuwa anakoroma.

"Ana watoto?" akauliza mwishowe.

"Watano. Wako kwao, magharibi ya nchi."

Kaka yake aligeuza uso ukutani. Ndindi alivuta kiti, akamenya chungwa alilokuja nalo, akaligawa vipande, akavipanga kwenye sahani upande wa mkono wake wa kushoto. Alikaa pale mpaka kengele ya wageni ilipolia, na Kiema alikuwa amekula vipande viwili.